Vipimo vya Wifi

Jumanne, 3 Machi

Daftari hili ni la vipimo vya wateja. Kurasa za mbele zina mabega, viuno na mikono ya nusu ya mtaa huu, pamoja na siri za watu wanaoapa hawajanenepa. Kuanzia leo kurasa za nyuma ni za farasi. Daktari wa mifugo amesema niandike kila siku amekula nini, amekunywa kiasi gani, amekunya vipi. Nikamwambia mimi ni fundi cherehani, si karani. Akajibu, "Fundi ndiye ninayemtaka. Unajua kupima."

Farasi ni wa mdogo wangu. Ni jike jeupe ambalo kwa miaka minane amekuwa akilitembeza uwanjani, watoto wanapanda na kupigwa picha. Mdogo wangu hajaoa, na kwa jinsi anavyompenda huyo mnyama, nyumbani tumezoea kumwita Wifi. Leo Wifi kaletwa kwangu kakonda kama ng'onda. Mbavu unazihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Uti wa mgongo umesimama wima, na nyonga zimechongoka hata nikaogopa zitatoboa ngozi. Majirani wa mdogo wangu ndio waliopeleka habari ofisi ya mifugo.

Daktari anatoa alama kutoka moja hadi tisa. Tisa ni mnene wa kupitiliza, tano ni afya njema, moja ni mifupa iliyovaa ngozi. Wifi amepata moja. Mvua zikiisha, katikati ya Juni, atakuja kumkagua tena. Akifikisha tatu, ataishi. Asipofikisha atachomwa sindano ya mwisho, kwa sababu mnyama aliyelishwa miezi mitatu na bado hainuki anateseka bure. Mpaka siku hiyo mdogo wangu haruhusiwi kumlisha wala kukanyaga bandani.

Alikuwa amesimama getini wakati Daktari anayasema hayo. Nilimwuliza, na mtaa mzima ukasikia maana sauti yangu nimeirithi kwa Mama, "Ulikuwa unamlisha nini huyu, upepo?"

"Anakula, dada. Hapati tu."

"Hapati kwa sababu humpi! Una roho gani wewe? Nilikulea kwa mikono hii, kuna siku nilikulaza na njaa?"

Muuza mkaa wa jirani aliacha kupima mkaa ili asikie vizuri. Mdogo wangu alitazama viatu vyake, kisha akaondoka. Na aende.

Jumatano, 4 Machi

Majani makavu kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Pumba marufuku, mahindi marufuku. Daktari anasema mwili uliozoea njaa ukishindiliwa chakula ghafla, moyo unaweza kusimama. Banda lake ni ile stoo yangu ya vitambaa huko uani. Nimelipiga deki mpaka sakafu inang'aa.

Alhamisi, 5 Machi

Farasi ni mchafu kuliko nilivyodhani. Saa kumi na moja alfajiri nimekuta kinyesi, mkojo, na vibonge vya majani yaliyoloa kila pembe. Nimefagia vyote kabla mteja wa kwanza hajabisha hodi. Sitaki mtu aje kujaribu gauni la sherehe akiziba pua.

Nimekumbuka kitu kikanipandisha hasira upya. Mwaka jana mdogo wangu aliazima mkasi wangu mkubwa wa kukatia vitambaa. Aliurudisha butu, una harufu ya majani, wala hakusema aliufanyia nini. Mtu asiyeweza kutunza mkasi atatunza farasi?

Ijumaa, 6 Machi

Kupima kwa mara ya kwanza. Futi yangu inaishia sentimita mia na hamsini na kifua cha farasi kimeipita, hata huyu aliyekonda. Nimeshona futi mbili pamoja. Nyuma ya miguu ya mbele, kuzunguka kifua: 151.

Jumapili, 8 Machi

Mwandiko wa leo ni mbaya, kama siku yenyewe.

Saa nane mchana nilikuwa nimempigia magoti mteja, pini mdomoni, napunguza pindo. Nikasikia kishindo uani. Nilikimbia na pini zangu. Wifi alikuwa chini, jasho linamtoka, anageuza kichwa kulitazama tumbo lake kisha anajipiga kwa mguu. Ndoo ilikuwa imepinduka pembeni, na ukutani mna vumbi la pumba.

Nilimpigia Daktari. "Msimamishe! Mtembeze, asigaragare. Nakuja." Kisha nikampigia mdogo wangu. Hata salamu sikumpa. "Umekuja kummalizia? Si umekatazwa kuingia humu?"

"Dada, niko kazini kwenye matofali tangu alfajiri. Wifi kafanya nini?"

"Usiniongopee!" Nikakata simu.

Tukamwinua, mimi nikivuta kamba, mteja akisukuma na gauni lake lenye pini, Mama ameshika mwavuli. Mvua ikamwagika. Tulizunguka uani saa mbili nzima. Kila alipopiga magoti nilimpigia kelele kama mwendawazimu. Nikaona mwavuli umemfunika farasi na mimi naloa, nikamwambia Mama angalau anigawie ukingo. Hakucheka. Akasema, "Ni mimi."

"Wewe nini, Mama?"

"Pumba. Kila nikinywa chai namwona ananitazama. Mimi siwezi kutia kitu mdomoni kiumbe mwenzangu ana njaa, mwanangu. Nilidhani nusu ndoo haina neno."

Sikuweza kumgombeza, maana alikuwa analia. Daktari alifika, akampitishia mpira puani hadi tumboni, akamimina mafuta. Saa kumi na mbili jioni Wifi alikunya, na watu wazima wanne tukashangilia kinyesi kama goli. Kisha Daktari akamtazama Mama bila ukali na kumwambia, "Bibi, ukimhurumia tena namna hii, tutamzika."

Mdogo wangu sikumpigia tena. Nilikuwa nimechoka.

Jumatano, 11 Machi

Anakula. Mvua.

Ijumaa, 13 Machi

151. Daktari amekuja. Amepiga magoti akasikiliza moyo na tumbo, akampa dawa ya minyoo kidogo. Amemfunua midomo akaona meno ya mbele tu. Anasema ya nyuma kabisa hayaonekani bila kumlaza kwa sindano ya usingizi na kumfungua kinywa kwa chuma, na kwa udhaifu huu anaweza kuanguka asiinuke. Akaniuliza, "Niambie wewe unayemwona kila siku. Anatematema chakula?"

"Hatemi. Tazama banda langu lilivyo safi."

Akalitazama, akaniambia hajapata kuona banda safi kama hili. Nilijisikia vizuri kutwa nzima.

Ijumaa, 20 Machi

152! Nimepima mara tatu. Mama kampigia vigelegele.

Jumanne, 24 Machi

Mdogo wangu huja getini kila jioni akitoka kwenye matofali. Haingii, habishi, haombi kitu. Wifi akimsikia hulia. Mimi hujifanya nina kazi kwenye cherehani.

Ijumaa, 27 Machi

152 na nusu. Anamaliza majani yote nimpayo, na Daktari ameniruhusu kuongeza. Polepole, lakini twende.

Ijumaa, 3 Aprili

Imerudi 152. Daktari alipiga simu kuuliza, nikamwambia 154. Nimeandika kwa haraka kabla aibu haijanishika. Kazi yangu ni kuwapunguzia watu viuno mdomoni ili wasinung'unike. Leo nimemwongezea mtu kifua. Nilihofia akisikia ameshuka atakata tamaa kabla ya Juni. Wiki ijayo atakuwa amefika 154 kweli na uongo utajifuta wenyewe.

"Vizuri sana," Daktari kasema. "Basi endelea hivyo hivyo, nina ng'ombe wanaumwa upande wa pili. Sina haja ya kuja."

Jumatano, 8 Aprili

Mvua siku nne mfululizo. Majani yananyonya unyevu, nayaanika juu ya meza ya kukatia. Kuna mteja kapeleka suti nyumbani ina nyasi mfukoni.

Ijumaa, 10 Aprili

151. Nimemwambia 156.

Sijui kwa nini anashuka. Anakula! Namwona kwa macho yangu, taya zinakwenda kutwa. Nikashuku mtu ananiibia majani. Nikamshuku Mama, nikamshuku muuza mkaa, nikamshuku mdogo wangu kwamba anamtupia kitu kibaya kupitia getini. Leo nilikaa nyuma ya pazia kumvizia. Alisimama tu, mkono mmoja juu ya chuma, mpaka giza likaanza kuingia.

Ijumaa, 17 Aprili

Daktari hakupiga simu. Alikuja.

Alikuwa na furaha, kaja akitarajia kukuta 158. Alipofika mlangoni mwa banda furaha ikamtoka usoni. Akatoa futi yake begani, akampima, akageuza akapima tena. 150.

"Soma daftari," akaniambia.

Nikasoma yale ya uongo, nikaishia njiani. Uso ulinishuka. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama alikuwa amesimama pale pale.

"Fundi, ungeniambia ukweli ningekuja wiki mbili zilizopita. Nimemwacha akififia kwa sababu yako." Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Nitakuja Ijumaa ijayo. Nikimkuta hivi, hatungoji Juni. Sitamwacha aendelee hivi."

Siku saba.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimempa majani mara nane. Nimefagia mara tatu. Kichwa kinaniuma.

Jumapili, 19 Aprili

Homa. Siwezi kusimama. Mama anasema atampigia mdogo wangu. Nimemkataza. Amekwenda kumpigia.

Jumatano, 22 Aprili

Nimepata nguvu za kukaa, nitayaandika yote hata kama yatanichukua kutwa.

Leo asubuhi homa ilinitoka nikaamka mwepesi. Nikajikongoja hadi uani. Nilipofungua mlango wa banda nilipandwa na mori: siku tatu halijafagiwa! Kinyesi kimesogezwa kando kwa koleo, sawa, lakini vile vibonge vya majani vimezagaa kila mahali, chini ya hori, kwenye ndoo ya maji, kando ya ukuta, makumi kwa makumi. Mdogo wangu alikuwa ameinama anajaza maji.

"Ndivyo ulivyokuwa unamweka kwako, eti? Kwenye jalala?" Nikachukua ufagio.

Akasimama mbele yangu. "Usifagie."

Katika maisha yake yote hajawahi kunikataza jambo.

"Tazama kwanza, dada." Akaokota kibonge kimoja, akakikamua mate, akakifumua kiganjani. Yalikuwa majani marefu, mazima, yamekunjwakunjwa tu. "Hatafuni. Anazungusha mdomoni mpaka yanakuwa donge, kisha anatema. Anayomeza ni machache. Ndivyo alivyoanza mwaka jana."

Nikavitazama. Vile vile nilivyokuwa nafagia kila siku ya Mungu saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijatoka na kabla mtu yeyote hajaona, na kuvimwaga shimoni pamoja na kinyesi. Majani niliyoandika humu kwamba ameyala.

"Mwaka jana ulifanyaje?"

"Nilikuwa namkatia. Vipande vifupi hivi, apate kumeza. Nikitoka uwanjani nakata mpaka nalala. Ulipodai mkasi wako nikajaribu kisu, lakini sikuwahi kumkatia vya kumtosha."

Mkasi wangu.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema, dada. Pale getini. Nikasema anakula, hapati." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja saa. "Na Daktari nilimwambia siku ile ile. Akasema kila mwenye farasi aliyekonda husema hivyo, lakini atakuuliza wewe, maana wewe ndiye utakayemwona kila siku."

Naye aliniuliza. Nami nikamjibu atazame banda langu lilivyo safi.

Nimempigia Daktari. Safari hii nimemwambia kila kitu, mpaka mkasi.

Alhamisi, 23 Aprili

Daktari alisimama mlangoni akavitazama vibonge, kisha akanitazama mimi. Hakunilaumu. Alisema, "Na mimi nilipaswa kuinama nitafute."

Akatuambia wazi: sindano ya usingizi inaweza kumwangusha, na akianguka huenda ndiyo basi. Bila kumfungua kinywa, ndiyo basi vilevile, ila polepole. Akamwuliza mdogo wangu, si mimi. Mdogo wangu akasema, "Mfungue."

Akachomwa. Kichwa kikaning'inia, midomo ikalegea. Mdogo wangu aliingiza bega chini ya taya lake akambeba hivyo, anamnong'oneza. Daktari akafunga chuma mdomoni, akamulika tochi, akaniita nione. Magego ya juu yalikuwa na kingo kali kama bati lililokatwa, na ndani ya shavu kidonda kirefu chenye usaha. Nyuma kabisa gego moja limerefuka mpaka linachoma ufizi wa chini. Kila akitafuna alikuwa anajichoma.

Daktari akachukua tupa ndefu, akaanza kusugua. Mlio ule sitausahau. Katikati ya kazi Wifi akayumba, miguu ya nyuma ikafunguka, uzito wote ukamwangukia mdogo wangu na magoti yake yakaanza kukunjika. Nikajitupa chini nikaweka mgongo wangu chini ya kifua cha farasi. Mama akasukuma nyongani kwa mikono yake miwili ya miaka sabini na kitu. Daktari hakuacha kusugua. "Mshikeni! Mshikeni hapo hapo! Bado upande mmoja!" Pua yangu ilikuwa kwenye kifua kile nilichokidanganyia vipimo, nikausikia moyo wake, unapiga, unangoja, unapiga. Nikawa naomba kwa sauti. Sijui niliomba nini.

Hakuanguka.

Alipozinduka Daktari alimpa majani yaliyosagwa na kulowekwa yawe kama uji mzito. Alilamba, akasita, akasubiri maumivu. Kisha akaingiza pua yote ndani ya ndoo.

Ijumaa, 24 Aprili

150. Nimeyapigia mstari yale 154 na 156, zibaki namba za kweli tu. Daktari amesema tutarudi kwenye ahadi ya Juni, lakini hawezi kuisogeza mbele. Wiki saba kutoka moja hadi tatu ni mlima. Na marufuku ya mdogo wangu ameifuta.

Jumatatu, 27 Aprili

Uji wa majani mara sita. Bandani kibonge kimoja tu. Siku hizi nahesabu kabla sijafagia.

Ijumaa, 1 Mei

151.

Jumanne, 5 Mei

Mdogo wangu huja alfajiri na jioni. Tunazungumza habari za uji, kwato, maji. Neno la kuomba radhi bado sijalisema. Leo nilianza, "Unajua, siku ile…" naye akaniuliza kama ndoo ya bluu imeoshwa.

Ijumaa, 8 Mei

153. Vibonge hakuna.

Jumatano, 13 Mei

Hajagusa ndoo tangu asubuhi. Tumekaa roho juu. Mama alikataa kula mpaka farasi ale. Jioni akala, Mama naye akala. Daktari anasema shavu lilivimba kidogo, limeshapoa.

Ijumaa, 22 Mei

155. Kutwa mvua. Nyonga zimeanza kufichwa na nyama.

Ijumaa, 29 Mei

157. Mkono ukipita ubavuni bado unahisi mbavu, ila macho yanahangaika kuzihesabu. Je, hiyo ni tatu? Mdogo wangu naye haijui. Ameacha kunitazama usoni kila Ijumaa ninapofungua futi.

Ijumaa, 5 Juni

158 na nusu. Jua limetoka. Sijapata kulichukia jua hivi: mvua zinakwisha.

Ijumaa, 12 Juni

Daktari alikuja saa nne. Alimpapasa shingo, mabega, mbavu, mgongo, akaminya mzizi wa mkia kama mtu anayechagua nyanya. Alichukua muda mrefu hata Mama akakaa chini. Mdogo wangu alikuwa amesimama nje ya geti, mahali pale pale aliposimama tarehe tatu Machi, ingawa geti lilikuwa wazi.

"Futi," Daktari akaniambia. Nikapima. Nikampa na yeye apime, nisiaminiwe peke yangu. 160.

"Tatu," akasema. Akapitisha mkono tena. "Tatu kamili. Arudi kwake. Nitamfuata nione akipanda hadi tano."

Nilidhani nitashangilia. Badala yake nilikwenda getini. Muuza mkaa alikuwa anapima mkaa, wanawake wawili wanapita na ndoo. Nikasema kwa sauti ile ile niliyoirithi kwa Mama:

"Mdogo wangu hakumnyima huyu farasi chakula! Alimkatia majani kwa mkasi jioni baada ya jioni. Niliyemtukana hapa mbele yenu ni mimi, na niliyefagia ushahidi kila asubuhi ni mimi. Mdogo wangu, nisamehe."

Muuza mkaa akaacha kupima. Mdogo wangu akaingia, akapita karibu yangu bila kunitazama, akaenda moja kwa moja kwa Wifi na kuficha uso shingoni mwake. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Sauti ikatoka nyuma ya manyoya:

"Punguza sauti, dada. Unamtisha."

Jumamosi, 13 Juni

Saa kumi na moja alfajiri nilijikuta bandani na ufagio. Hakukuwa na cha kufagia.

Mchana nimeupeleka mkasi mkubwa ukanolewa, nikaenda nao kwa mdogo wangu. Wifi alikuwa anatafuna majani marefu, akiyamaliza vizuri. Mdogo wangu akauliza mkasi wa nini sasa, maana hakati tena.

Nikamwambia, "Ni wako."